Saa ya Singida kwenye Kompyuta ya Mama Kibet

Iko siku moja, mwanangu, Jumamosi ya baridi kali, ambayo hunirudia kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba mgeni amemharibia nyumba. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya mwanamke mwingine huko Lakeville, nimeshika waya za kompyuta yake, na moyoni nilikuwa naomba mashine ile isiwake tena kamwe.

Na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nilikuwa nimeitwa niitengeneze. Lakini wivu ukishakaa ndani ya mtu haumuulizi kazi yake ni ipi.

Nakuandikia hasa wewe uliye mkubwa kwenu, uliyewafulia na kuwalisha wadogo zako wakati wenzako wanacheza. Wengine nao wasome, hakuna siri hapa. Ila wewe sogea karibu kidogo.

Mama yetu alifariki mdogo wetu wa mwisho, Neema, akiwa bado ananyonya. Baba alikuwa ameshafariki kabla yake. Mimi nilikuwa darasa la saba na mtihani sikuufanya. Walimu walikuja nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Singida, wakakaa, wakanywa uji, wakanitazama nilivyombeba mtoto mgongoni, kisha wakaaga bila kusema walichokuja kusema. Sikulalamika siku ile na silalamiki leo. Wadogo zangu wa kiume niliwasomesha kwa kadiri nilivyoweza. Neema nilimlea hadi wapita njia wakadhani nimemzaa. Yeye aliniita Dada. Nilimfundisha mwenyewe aniite hivyo, maana nilitaka ajue kwamba alikuwa na mama, na kwamba mama huyo hakumtupa.

Huku Minnesota, Marekani, nilikuja nikiwa yaya wa familia moja ya wamisionari waliokuwa wanarudi kwao. Watoto wao walipokua nikapata kazi ya kufungasha mizigo katika duka dogo la kutengeneza kompyuta huko Plymouth. Kutoka kwenye kufungasha nikaingia polepole kwenye kutengeneza, kwa sababu bosi alichoka kuniona nikichungulia. Nikamleta Neema asome chuo. Tukapanga nyumba ndogo Richfield, ndege zikipita juu ya paa letu hata unalazimika kukatiza sentensi, na tukaishi vizuri, mimi na yeye, mpaka alipokuja Mama Kibet.

Wivu wangu ulianzia kwenye nywele.

Mama Kibet alikuwa Mkenya, muuguzi, mjane, mtu mzima. Mwanawe mmoja alikuwa anaishi jimbo la mbali. Tulikutana naye kwenye ibada ya Kiswahili, naye akampenda Neema, akawa anamchukua siku za mapumziko kwenda kwake Lakeville, kwenye nyumba kubwa iliyokuwa bado inanuka rangi. Jumapili moja Neema akarudi amesukwa. Mistari midogo, safi, imelala vizuri kuelekea kisogoni.

"Nani kakusuka?"

"Mama Kibet," akasema, huku akijigeuza mbele ya kioo.

Nikamwambia amemvuta mno, kichwa kitamuuma. Hakuwa amemvuta. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yangu, na hilo ndilo lililonichoma. Kichwa kile nilikisuka mimi tangu nywele zake hazijashikika kidoleni. Ninajua alama iliyo nyuma ya sikio lake, ninajua upande anaolia ukimgusa na kitana. Sasa mtu mwingine naye alikuwa anajua.

Baadaye nikamsikia kwenye simu. Simu yetu ilikuwa ya ukutani, jikoni, yenye waya mrefu unaojiviringa. Neema alikuwa anasema, "Sawa, Mama. Ndiyo, Mama. Nitavaa koti, Mama." Hakusema Mama Kibet. Alisema Mama, basi. Bahati nzuri nilikuwa nakata vitunguu.

Nilimtafutia yule mwanamke kosa kama mtu anayechambua mchele, na kila nilipodhani nimepata kokoto ilikuwa punje. Alikuwa mkarimu. Alikuwa mcha Mungu. Hakuwahi kuja kwangu mikono mitupu. Ningepata nafuu kubwa kama angekuwa mtu mbaya, maana mtu mbaya unamchukia na watu wanakuelewa. Mimi nilikuwa namchukia mtu mwema, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha Neema akachumbiwa. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, mwana wa watu wa Arusha, sina neno naye. Tukaanza maandalizi. Siku moja tunapanga nani atakaa wapi ukumbini, Neema akasema, bila kuniangalia, "Dada, nimemwomba Mama Kibet akae kwenye kiti cha mama."

Unakijua kiti hicho. Ndicho kiti cha mbele, kilichofunikwa kitambaa, anapokaa aliyemzaa bibi harusi, na ndipo bibi harusi anapokuja kupiga magoti na kumlisha keki. Nilikuwa nimeshakikalia kichwani mwangu kwa miaka. Nilikuwa nimeshachagua hata kitenge.

Sikumuuliza kwa nini. Ningemuuliza, pengine nisingekuwa na habari ya kukuandikia leo. Nilisema tu, "Ni harusi yako," nikanyamaza, na Neema anaujua unyamavu wangu. Ni unyamavu unaofunga milango ya makabati kwa nguvu.

Sasa nikueleze kuhusu kompyuta za wakati ule, wewe uliyezaliwa simu ikiwa mfukoni. Ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuwa na picha na kipanya badala ya maandishi matupu. Ukiiwasha, picha ndogondogo zilitokea moja moja chini ya skrini, kutoka kushoto kwenda kulia, kama watu wanaoingia ukumbini na kuketi. Kila picha ilikuwa programu inayoingia kwenye kumbukumbu ya mashine na kukaa humo mpaka utakapoizima. Huitumii, wala huioni tena, lakini imo. Moja inalinda dhidi ya virusi, moja inahudumia printa, moja inachezesha samaki kwenye skrini ukiiacha muda mrefu. Dukani kwetu tuliziita wapangaji.

Mpangaji mmoja mmoja hakuwa na tatizo. Shida ilianza wakiwa wengi, maana kumbukumbu yenyewe ilikuwa finyu na hapakuwa na ukuta kati ya chumba na chumba. Wawili wakigombea mahali pamoja, mashine nzima inaganda. Mshale haujongei, vitufe havisikii, unabaki kuizima kwa nguvu.

Dawa yake ilikuwa subira. Unawasha huku umeshikilia kitufe cha herufi kubwa, na wapangaji wote wanabaki nje. Mashine ikiwaka salama, basi umejua kwamba yenyewe ni nzima, ugomvi ni wa wapangaji. Hapo unawarudisha ndani kidogo kidogo, unazima, unawasha, unatazama ni nani akiingia mambo yanaharibika. Bosi wangu alinipa njia ya mkato: anza na aliyeingia mwisho. Mteja alikuwa anatumia mashine yake kwa amani, juzi akaongeza kitu, jana ikaganda. Basi ondoa kitu cha juzi. Mara nyingi ilikuwa kweli. Nami niliipenda kanuni ile kuliko nilivyopaswa, kwa sababu ilifanana na fikra zangu za wakati huo. Nyumba ilikuwa na amani, akaja mtu, amani ikaondoka. Unahitaji ushahidi gani tena?

Kompyuta ya Mama Kibet niliipeleka mimi mwenyewe. Neema ndiye aliyeomba, kabla sijaanza kununa waziwazi. Ilikuwa ya mitumba kutoka dukani kwetu, nikaisafisha, nikaiweka mezani kwake, na humo ndani nikaweka mpangaji mmoja wa kwangu. Ilikuwa saa. Programu ndogo ya zamani niliyoitoa kwenye diski iliyosahaulika dukani, inayoonyesha saa kwenye pembe ya juu ya skrini. Niliipa jina Afrika, nikaitegesha kwa saa za nyumbani. Huku ikiwa saa nne asubuhi, yenyewe inakuambia kwetu ni saa moja usiku, watu wanawasha taa. Nilimwambia Neema ni zawadi, ili hata akiwa kwa watu ajue kwetu wanafanya nini. Sikuwa nadanganya. Lakini pia nilitaka kila anapokaa kwenye meza ya yule mwanamke anione mimi.

Basi Jumamosi hiyo Neema alipiga simu kutoka Lakeville, sauti imepanda. Alikuwa anatengeneza kadi za harusi na karatasi za ibada, na siku hiyohiyo zilitakiwa kwa mpiga chapa. Mashine imeganda. Kila wakiwasha inaganda.

"Njoo, Dada, tafadhali. Mama anasema barabara zimeshamwagwa chumvi, hakuna utelezi."

Nikaenda. Mama Kibet akanifungulia mlango kabla sijabisha.

"Karibu, Eliza. Toa viatu tu hapo. Umekula? Hujakula. Hiyo sura si ya mtu amekula."

"Nimekula."

"Haya, basi utakula tena."

Nikapita moja kwa moja hadi kwenye mashine. Neema alikuwa kwenye kiti, amejifunga kanga yangu mabegani. Nikapiga magoti chini ya meza, nikakaza waya huku nikiomba isiwake. Nikawasha. Picha zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa saa yangu, maana wapangaji wale waliingia kwa kufuata alfabeti ya majina yao, na Afrika ilitangulia. Akafuata mlinzi wa virusi. Kisha ikatokea picha ya kalamu ya unyoya ambayo sikuijua, na hapo hapo kila kitu kikasimama.

"Hii ya unyoya ni nini?"

"Ni herufi za mapambo," Neema akasema. "Za kadi. Mama alininunulia juzi."

Mwanangu, sijui kama umewahi kuona mtu anafurahi kwa ubaya. Kitu cha juzi, na kilikuwa chake! Nikawasha tena nimeshikilia kitufe, wapangaji wote wakabaki nje, mashine ikawaka bila taabu. Nikauondoa unyoya peke yake, nikazima, nikawasha. Zikaingia picha zote, saa yangu ikiwa mbele, mpaka mwisho. Nikasimama nikajipangusa magoti.

"Imepona."

Neema akafungua kadi yake. Jina lake na la mwenzake, yaliyokuwa yameandikwa kwa herufi zenye mikia na maua, yalikuwa yamegeuka maandishi manene ya kawaida, kama tangazo la kukata maji.

"Lakini Dada, herufi zimeondoka."

"Ndizo zilizokuwa zinaleta fujo. Unataka kadi au unataka herufi?"

"Nataka kadi yenye herufi."

"Mashine ilikuwa nzima," nikasema, na sikuwa namtazama Neema, nilikuwa namtazama mwenye nyumba aliyekuwa anaingia na sinia la chai. "Ilikaa miezi yote hiyo haina shida. Kilichokuja juzi ndicho kilichoiharibu. Vitu vya juzi ndivyo vilivyo. Vinaingia, vinajifanya vya nyumbani."

Neema akageuza kiti taratibu. "Dada. Unasema herufi au unasema watu?"

Chai ilikuwa inatoa mvuke. Mama Kibet akaweka sinia juu ya televisheni, akakaa kwenye mkono wa kochi, akajisugua magoti. Nilimngoja akasirike. Nilikuwa na majibu tayari, niliyafanyia mazoezi njia nzima tangu Richfield.

"Mimi sijui kompyuta," akasema. "Wewe ndio fundi. Lakini acha nikuambie kitu ya wodini. Mgonjwa ako sawa nyumbani, anaanza dawa mpya, anaanguka. Kila mtu anakimbilia hiyo dawa mpya. Na saa zingine ni hiyo kweli. Lakini sisi lazima tuulize pia alikuwa anakunywa nini kutoka zamani. Unapata kuna kidonge ya miaka mingi, hata ameisahau, ndiyo inapigana na kila kitu inaingia. Hiyo kidonge haikuwa mbaya. Ilimsaidia. Lakini imezoea kuwa peke yake."

Akanigeukia mimi.

"Wewe unajua kutafuta nani alikuja mwisho, Eliza. Hiyo umejua sana. Hebu pia utafute nani ameshika kitu na hataki kuachilia."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia maziwa yako mlangoni. Kisha akaanza kumimina chai.

Ningeweza kuvaa viatu nikaondoka. Lakini mimi ni mtu wa kazi, na alikuwa amesema jambo la kazi. Kulijaribu kulikuwa rahisi. Nikaurudisha unyoya ndani. Nikaitoa saa. Nikazima, nikawasha.

Kompyuta za wakati ule zilichukua muda kuwaka, na watu watatu tulibaki tukitazama skrini tupu kama watu wanaongoja daktari atoke. Akaja mlinzi wa virusi. Ukaja unyoya. Ikaja printa, wakaja samaki, ikafunguka skrini nzima, na mshale ukakimbia popote nilipoupeleka. Neema akafungua kadi, mikia na maua vyote vilikuwa mahali pake.

Ilikuwa saa yangu. Ilitengenezwa zamani, kwa mashine zilizokuwa na mpangaji mmoja tu, na haikuwahi kufundishwa kwamba kuna wengine watakuja. Ikiingia kwanza inashika mahali, na yeyote anayekuja kuomba kupita haimjibu. Miezi yote hiyo mashine haikuganda kwa sababu tu hapakuwa na aliyehitaji kupita pale. Unyoya haukuwa na kosa isipokuwa kuhitaji.

"Basi tuifute," nikasema. "Mnazo saa ukutani."

"Usiifute!" Neema akasema kwa haraka. "Mimi huwa naiangalia."

"Huwa unaiangalia?"

"Kila siku nikija hapa. Nikiona saa moja najua Bibi yetu kule Singida anafunga kuku."

Mama Kibet akasema anakwenda kuangalia sufuria jikoni. Hakuna sufuria iliyokuwa jikoni, mwanangu. Nilipita pale baadaye, jiko lilikuwa baridi.

Tulipobaki wawili Neema akasogeza kiti. "Dada, hukuniuliza kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kiti."

Nikajifanya nasoma kitu kwenye skrini.

"Mama sikumjua," akasema. "Sina hata sauti yake. Kwangu mimi, kiti kile kitakuwa kitupu akikaa yeyote. Sasa nikikuweka wewe pale, utakaa mbele umevaa kitenge, unaangaliwa, na mimi huku nyuma nani atanivalisha? Nani atanishika mkono nikitetemeka? Nani atanitania? Mama nilimkosa. Nikikufanya wewe ndiye mama, nitakuwa nimemkosa na dada."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilichosema ni kwamba ni vigumu kuona kwenye skrini ile, mwanga wa theluji dirishani unaumiza macho. Akacheka, akanipa ncha ya kanga nijifute.

Sikuifuta saa. Nilikumbuka jambo nililokuwa nimeliona dukani, kwamba mpangaji mgomvi wakati mwingine hugomba kwa sababu ya zamu yake tu, na ukimbadilishia zamu anatulia. Nikaitia herufi Z mbele ya jina lake ili iingie baada ya wote. Nikawasha. Wakaingia mlinzi, na unyoya, na printa, na samaki, na mwisho kabisa ikaingia saa ya Singida, ikakaa pembeni kwake pale juu, ikaonyesha kwetu watu wameshalala. Hakuna kilichoganda. Kadi zikaenda kwa mpiga chapa jioni ile.

Nilipokuwa navaa viatu Mama Kibet akanishikia koti. "Kile kiti," akasema, "mimi niliombwa tu. Ukikitaka, niambie, nitaugua siku hiyo. Mimi ni nesi, najua kuugua."

Nikacheka bila kupenda. Nikamwambia akae.

Usidhani wivu uliisha hapo. Ningekuwa nakudanganya, na mtu wa umri wangu hana faida ya kudanganya. Siku ya harusi nilimvalisha Neema, nikafunga vifungo vya mgongoni vilivyokuwa vidogo kama dengu, nikamshika mkono alipotetemeka, nikamtania kuhusu masikio ya bwana harusi mpaka shela likatikisika. Nilifurahi kweli. Kisha tukaingia ukumbini, nikamwona Mama Kibet kwenye kiti chenye kitambaa, amevaa vizuri, mgongo umenyooka, na kitu kikanibana hapa, chini ya koo.

Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji akaita wazazi. Neema akapiga magoti mbele ya Mama Kibet, akamlisha, watu wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Akaenda kwa wakwe. Akaenda kwa mchungaji. Akaenda kwa wasimamizi, kwa shangazi wa bwana harusi, kwa kila aliyetajwa. Nilikuwa nimekaa meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, nikimtazama anavyopita kwa wengine, na kila mmoja aliyefungua mdomo nilimwonea wivu. Naam, hata mchungaji.

Kwangu alifika mwisho. Kipande kilikuwa kimebaki kidogo na kimevunjika. Akanilisha. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwendea, hakuondoka. Akavuta kiti, akavua viatu chini ya meza, akaweka miguu yake juu ya yangu kama alivyokuwa akifanya usiku wa baridi alipokuwa mdogo, na tukamaliza makombo kwa vidole, mimi na yeye, wakati ukumbi unacheza.

Mama Kibet yupo hadi leo, mzee sana, na bado namwonea wivu. Neema humpigia yeye kwanza akiwa na habari njema. Wanawe humwita Bibi kabla hawajaniita mimi Mama Mkubwa. Nikisikia hivyo kitu kinabana palepale pa siku zote. Tofauti ni kwamba siku hizi nakijua, nakiambia kaa hapo, kisha naenda kumpikia yule mzee uji, maana kutafuna hawezi tena, na uji wangu anaupenda.

Basi, mwanangu uliye mkubwa kwenu, neno langu kwako ni hili. Ukiona nyumba imeingia ubaridi siku aliyoingia mgeni, wifi au shemeji au rafiki au mama wa kuazima, usikimbilie kumtoa ili upate amani. Amani utaipata, lakini utaona kadi imepoteza maua yake, na mdogo wako anatazama kadi hiyo bila kusema. Jiulize kwanza wewe umeshika nini, na tangu lini, na kama kuna mtu anayehitaji kupita hapo uliposimama. Ulichofanya kwa wadogo zako hakifutiki kwa kuwa wamepata mwingine wa kuwapenda. Usijifute pia, usiseme "basi mimi niondoke". Huo nao ni wivu, umevaa nguo ya unyenyekevu. Badilisha tu zamu. Na mtu akikunyima nafasi uliyoiota, muulize kwa nini, umuulize siku hiyohiyo, kabla hujaanza kufunga makabati.

Mungu akujalie mikono isiyochoka kulea na vidole vinavyojua kuachia. Akujalie wadogo zako wapendwe na wengi hadi ushindwe kuwaonea wivu wote. Na watakapokwisha kuwazungukia wengine wote, siku hiyo akupe kiti karibu na mlango wa jikoni, na mmoja wao aje kwako mwisho, akae, avue viatu.